Mtoto Aliyesoma Kwenye Kelele

Joyceline alijifunza kusoma juu ya majora ya vitambaa. Duka la wazazi wake lilikuwa Kariakoo, karibu na barabara ya Msimbazi, duka jembamba la mapazia na mashuka lililoingia ndani kama kichochoro. Tangu yuko darasa la kwanza, akitoka shule alikuwa anapanda juu ya majora yaliyolazwa nyuma ya kaunta, anavua viatu, anafungua kitabu. Mbele yake Kariakoo iliendelea na kazi zake. Vipaza sauti vya wamachinga vilirudia maneno yale yale mpaka betri zikalegea na sauti ikawa nzito kama ya mlevi. Wasukuma mikokoteni walipiga miluzi na kutukanana. Wateja wa mikoani walibishana na baba yake, Elimringi, juu ya upana wa pazia, na mama yake, Vicky, alichana vitambaa kwa mikono mpaka vikalia. Katikati ya hayo yote mtoto alikuwa anasoma, midomo ikimchezacheza, na ukimwita mara moja hasikii.

"Huyu masikio yake yana mlango," alisema Mama Jaimin. "Akitaka, anafunga."

Mama Jaimin, jina lake hasa Hemlata, alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Aliuza nyuzi, zipu na vifungo. Alizaliwa Dar, akaolewa Dar, na mumewe, mzee Umakant, alifia Dar. Mtoto wao wa pekee, Jaimin, alikwenda Uingereza kusoma akabaki huko huko. Kwa hiyo mchana, watu wanapokula, Hemlata alimwita Joyceline waje wagawane chapati na dengu, na baada ya kula walisoma pamoja gazeti la Kiingereza, Hemlata akinyoosha kidole kwenye mstari, mtoto akisoma. Neno likiwashinda wote wawili walicheka wakaliruka.

Hivyo ndivyo Joyceline alivyokua, na darasani hakuwahi kutoka kwenye watatu wa kwanza. Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, Elimringi alizima redio ya dukani akawatangazia wateja kana kwamba nao ni wajomba. Mwanamke mmoja wa Ifakara aliyekuja kununua mashuka ya nyumba ya wageni alipiga kigelegele.

Vicky hakupiga kigelegele. Yeye alikwisha kuamua tangu zamani.

Vicky alisoma shule ya bweni ya wasichana kule Kilimanjaro, juu kabisa, migomba inapoanza kuwa michache. Alikwenda akiwa na miaka kumi na mitatu, akatoka na cheti cha kidato cha nne, na baba yake akasema kwa msichana hapo panatosha. Kaka zake waliendelea. Yeye akaja mjini kwa shangazi, akajifunza biashara, akaolewa na Elimringi wa Machame, kijana mpole mwenye duka. Maisha hayakumtupa. Lakini kila kitu kizuri alichokuwa nacho moyoni kilikuwa na harufu ya sabuni ya bweni. Akikunja mashuka alikuwa anaimba nyimbo za kwaya ya shule. Akiona wasichana wenye sketi za shule wanapita mtaani, mkono wake ulisimama hapo hapo juu ya kitambaa, na mteja alingoja.

"Mama Joy, kwani hapa hapa mjini hakuna shule?" Elimringi aliuliza jioni moja nyumbani kwao Magomeni. "Mtoto bado mdogo huyu."

"Hapa hapa wapi? Darasani wamejazana, mwalimu hajui nani yupo nani hayupo. Akitoka anapita Mchikichini, anapita Msimbazi, kila kona kuna mtu wa kumwita. Baba Joy, unataka asome, au unataka awe karibu na wewe?"

Jibu la kweli ni kwamba Elimringi alitaka vyote viwili, na vyote viwili havikuwa kwenye swali.

Joyceline alikuwa jikoni anaosha vyombo. Alikuja mlangoni mikono ikimchuruzika maji.

"Mama, wewe kule ulikuwa unafurahi?"

"Sana," alisema Vicky. Uso wake ulibadilika kabisa aliposema hivyo, ukawa wa msichana. "Sijui nikueleze vipi. Sana."

"Basi nitaenda."

Januari Elimringi akampeleka. Haikuwa shule ile ya Vicky, ilikuwa nyingine, mpya zaidi, ila ni mlima huo huo na baridi hiyo hiyo. Vicky alibaki dukani. Asubuhi ile aliita "Joy, niletee mkasi" kabla hajakumbuka. Alijicheka. Kesho yake akaita tena, na safari hiyo hakucheka.

Jumamosi wanafunzi waliruhusiwa kupiga nyumbani kwa simu ya matroni. Foleni ilikuwa ndefu na kila mmoja alipewa muda kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unaendeleaje? Masomo?"

"Niko sawa."

"Chakula?"

"Niko sawa mama. Hapo uko dukani?"

"Nipo dukani."

"Nani huyo anapiga kelele?"

"Si yule wa viatu, keshanunua spika mpya, katuua na masikio."

Joyceline akasema, "Mama, toa simu nje kidogo. Iweke hapo mlangoni."

Vicky aliona ni utoto. Akasogea mpaka kizingitini, akainyoosha simu kuelekea barabarani, akakaa hivyo kama mtu anayepima joto la hewa. Mkokoteni ukapita. Mtu akapiga kelele apishwe na mzigo wake. Muuza kahawa aligonga vikombe. Vicky aliporudisha simu sikioni, alisikia mtoto anapumua tu.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Asante mama."

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Elimringi alipoambiwa, alianza kuhakikisha yuko dukani saa hiyo, na simu ikitolewa nje alikuwa anapaza sauti kwa makusudi: "Karibu mama, karibu, mapazia mazito, hayapitishi jua!" hata kama mbele ya duka hapakuwa na mtu. Wapita njia walimtazama. Hakujali.

Mwezi wa sita Joyceline alikuja likizo na ripoti. Mtoto aliyezoea kuwa wa kwanza au wa pili, sasa walio chini yake walikuwa wa kuhesabika. Vicky aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena amekaa.

"Una nini, Joy? Umelegea? Umepata marafiki wabaya?"

"Hapana mama."

"Sasa nini?"

"Sijui."

"Hujui! Shule ina maabara, ina maktaba, ina walimu kila somo. Unajua kuna watoto hapa Ilala wanakaa chini? Unajua mimi ningepewa nafasi kama hii..." Hakumaliza. Joyceline alikuwa ameinamisha kichwa, na shingo yake ilikuwa imekonda.

Likizo hiyo mtoto alirudi dukani. Alikuwa amerefuka, majora hayakumtosha tena, ikambidi akunje miguu. Lakini alisoma. Alisoma vitabu vyote alivyokuja navyo, akasoma magazeti ya Hemlata, akasoma hata karatasi za kufungia vifungo. Hemlata alimtazama siku kadhaa, halafu mchana mmoja, wakiwa wanakula, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Kule shuleni husomi hivi?"

"Siwezi, bibi. Kule kimya."

"Kimya si ndiyo kizuri?"

"Jioni kwenye prepo, ule muda wa kujisomea, wote tunakaa, hakuna anayekohoa. Nikifungua kitabu nasikia moyo wangu tu, du, du, du. Nasoma mstari mmoja mpaka kengele." Alivunja kipande cha chapati, hakukila. "Halafu Kiswahili hawaruhusu. Ukikutwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni, unatembea nacho mpaka umkute mwingine. Mimi kusoma Kiingereza naweza, wewe si unajua. Lakini kuongea... Nikitaka kuuliza swali, mpaka nilipange, mwalimu ameshafika mbali. Sasa siulizi. Siku nyingine nafika kulala sijasema kitu."

Hemlata alimweleza Vicky jioni, wakati wa kufunga. Vicky alikuwa anashusha geti la chuma. Aliliachia likapiga chini kwa nguvu.

"Mama Jaimin, samahani. Wewe mwanao yupo Uingereza ana kazi ya maana. Wangu unataka akae kwenye majora?"

"Sijasema akae. Nimekwambia alichoniambia."

"Kelele hazijamfaulisha mtu. Atazoea. Sisi sote tulizoea."

Hemlata alifunga kufuli lake taratibu. Alikuwa mwanamke mfupi, na kufuli la juu alilifikia kwa kusimama kwenye vidole. "Jaimin akinipigia," alisema, bado ameuelekea mlango, "ananiuliza, mama uko salama? Namwambia niko salama. Na mimi namuuliza, mwanangu uko salama? Ananiambia niko salama. Miaka yote hii, Vicky. Tunadanganyana vizuri kabisa." Akachukua mkoba wake akaondoka. Kwa siku chache hawakusalimiana kwa uchangamfu wao wa kawaida, na Joyceline akarudi shule.

Muhula wa pili Jumamosi zilikuwa nyingine. "Shikamoo mama. Niko sawa. Haya mama." Hakuuliza yuko wapi, wala hakuomba simu itolewe nje. Mara ya kwanza Elimringi alikuwa tayari amevuta pumzi ya kuita wateja, akabaki amefumbua mdomo.

"Amezoea," alisema Vicky.

"Hajazoea," alisema Elimringi. "Amekata tamaa."

Vicky alimkasirikia kwa neno hilo. Mumewe alikuwa mtu asiyesema mengi, na akisema kitu kama hicho hakitoki tena kichwani. Vicky aliendelea na kazi, akachana vitambaa, akakosea vipimo vya mteja wa siku nyingi mpaka ikabidi arudie. Usiku alijiambia kuwa mwakani mambo yatakaa sawa. Alimwomba Mungu ampe mtoto moyo wa kupenda shule, na huku akiomba alijua kuwa hakuna aliyewahi kuipenda shule kama mtoto yule.

Mwezi wa tisa matroni akapiga, na haikuwa Jumamosi. Joyceline alikuwa anatoroka prepo. Alionywa, akarudia, akaadhibiwa, akarudia tena. Mzazi anaitwa.

Vicky alisafiri peke yake. Njia nzima alipanga maneno, makali na mengi. Toka Korogwe mpaka Same aliyasema kimoyomoyo, na abiria wa pembeni alimwangalia anavyoonya hewa kwa kidole.

Lakini alipoingia getini, maneno yalianza kumtoka moja moja. Njia ilikuwa na maua pande zote. Madarasa yalikuwa meupe, nyasi zimekatwa, na nyuma ya bweni kilele cha Kibo kilikuwa kimetokeza wazi, hakina wingu hata moja. Kengele ikalia. Wasichana wakatoka kwa mstari, masweta ya kijani, vitabu kifuani, na ukimya wa mahali pale ukamshukia Vicky kama shuka safi. Alisimama. Alitaka kuingia kwenye mstari ule. Mwanamke mwenye duka, mwenye mtoto wa miaka kumi na minne, alitaka kukaa kwenye dawati lile la karibu na dirisha, aambiwe afungue ukurasa, asiitwe na mtu yeyote mpaka jioni. Alitamani kitu hicho kwa nguvu iliyomtia aibu. Na hapo ndipo alipoona, bila mtu kumwambia, kwamba shule hii aliichagua kwa ajili yake mwenyewe.

Mwalimu wa taaluma aliitwa Mwalimu Polycarp, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpa kiti.

"Mama, mwanao si mtukutu. Ningependa ulijue hilo kwanza. Nimefundisha watukutu wengi. Huyu mwili wake upo darasani, mwenyewe hayupo."

"Anatorokea wapi, mwalimu? Nje? Kuna wavulana?"

Mwalimu Polycarp alikuna kidevu. "Jikoni."

"Jikoni kufanya nini? Kuiba chakula?"

"Hata mimi niliwaza hivyo. Nikaenda mwenyewe. Unajua jiko letu saa hizo: wapishi wanaosha masufuria makubwa, redio inaimba, wanataniana, mwingine anapasua kuni. Nikamkuta nyuma ya magunia ya mahindi. Anasoma Baiolojia." Alivua miwani. "Nikamuuliza sura nzima. Alijibu yote. Kwa Kiswahili, lakini yote. Mtihani wa mwezi uliopita sura hiyo hiyo alipata sifuri. Sasa sheria ni sheria, mama, prepo ni lazima. Ila nimeona nikwambie nilichokiona."

Vicky alifunika mdomo kwa khanga. Mwalimu alidhani analia kwa aibu ya mtoto, akatoka kidogo kumpisha.

Walimleta Joyceline. Mama na mtoto walikaa kwenye nyasi nyuma ya kanisa la shule. Vicky alikuwa ameleta ndizi za kukaanga na soda, na vyote vilibaki kwenye mfuko. Alimwangalia mtoto wake, alivyokaa amejikunja kama anayeogopa kuchukua nafasi.

"Twende nyumbani," alisema Vicky.

Joyceline alishtuka. "Hapana mama."

"Kwa nini hapana?"

"Usinitoe. Nitaacha kwenda jikoni. Naahidi."

"Joy, sikugombezi. Nakuuliza. Unapapenda hapa?"

Mtoto alichuma jani, akalipasua katikati. Upepo ulishuka kutoka mlimani na baridi yake.

"Wewe ulisema ulifurahi sana," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Kila siku nikiamka najaribu. Nasema leo nitafurahi kama mama. Nikishindwa naona labda mimi nina kasoro."

Vicky alimvuta akamweka kifuani, mrefu hivyo hivyo na magoti yake. "Mimi nilifurahi kwa sababu nilikuwa mimi," alisema. "Nyumbani kwetu tulikuwa wengi, kulikuwa na makelele, hakuna aliyejua jina langu mpaka aanze kuita majina ya wote. Bweni lilinipa mahali. Wewe mahali unapo. Mimi ndiye niliyekutoa."

Joyceline ndipo akalia, kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, mpaka msichana mmoja akatokea pembeni ya kanisa kuangalia kuna nini. Alikuwa Sabaha, wa Tanga, jirani yake wa kitanda. Baadaye Vicky aliambiwa kuwa ndiye aliyekuwa anasimama nje ya jiko kumwangalizia mwalimu wa zamu.

Walikubaliana amalizie mwaka. Mwalimu Polycarp, bila kuandika popote, alimruhusu asomee chumba cha jirani na jiko, mlango ukiwa wazi. Desemba hakuwa wa kwanza, lakini hakuwa tena kule chini. Januari akaanza kidato cha pili katika shule ya kutwa, Ilala.

Kusema alirudi peponi itakuwa uongo. Darasa lilikuwa limefurika. Dawati la watu wawili walikaa wanne, na aliyechelewa alisoma amesimama dirishani. Mwalimu wa Hisabati alihama katikati ya mwaka na hakuletwa mwingine mpaka muhula ukaisha. Maabara ilikuwa chumba chenye kufuli. Mara nyingi Vicky, akimwona mtoto anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, alijiuliza kama hakumharibia. Kulikuwa na siku alizotaka kumrudisha kule kwenye maua.

Lakini Joyceline alikuwa anaongea. Aliongea kuanzia mlangoni. Aliwafuata walimu mpaka kituoni akiwauliza kwa Kiswahili kile alichosoma kwa Kiingereza, na wengine walimkimbia, na mmoja au wawili hawakukimbia. Alikusanya wenzake watano wakawa wanasomeana kwenye ngazi za jengo la nyuma ya duka, pale wapagazi wanapopumzikia, na wapagazi walizoea kuruka madaftari. Elimringi aliwaletea maji bila kuombwa. Hemlata, waliyepatana naye siku ile ile Vicky aliporudi safari na kumletea parachichi za Moshi, aliwasahihisha matamshi kupitia dirisha lake.

Kilichomshangaza Vicky ni kwamba mtoto alikumbuka kule. Siku moja, wakiwa wanakunja mashuka, Joyceline alisema tu, "Saa hizi mlima umeshafunikwa." Siku nyingine alisema hakuna maji duniani kama yale ya bomba la bwenini, baridi mpaka meno yanauma. Alimtumia Sabaha ujumbe kila likizo. Sabaha akijibu, alikuwa mchangamfu nyumba nzima, asipojibu alinuna.

"Si ulikuwa unalia kule?" Vicky alimwambia.

"Nililia, ndiyo. Lakini palikuwa pazuri, mama. Sikuwahi kusema hapakuwa pazuri."

Mtihani wa kidato cha nne alifaulu, daraja la pili. Si lile la kutangaziwa wateja. Watoto wa shule za maua walipata la kwanza, na Sabaha alikuwa mmoja wao. Elimringi alitangaza hata hivyo. Joyceline alitaka kusoma ualimu wa Baiolojia, akachagua masomo yake, wakangoja. Uchaguzi ulipotoka, serikali ilikuwa imempanga kidato cha tano Ruvuma, shule ya bweni, mbali kuliko Kilimanjaro.

Vicky alisoma jina la shule kwenye simu akaifunika simu juu ya kaunta. "Hapana," alisema. "Tutatafuta ya kutwa. Baba Joy, utamwona yule mtu wako wa wilayani. Siwezi kurudia kosa."

"Mama," alisema Joyceline.

"Nimesema tutatafuta."

"Mama, nitaenda."

Vicky akamgeukia kwa ukali. Alimtafuta usoni yule mtoto wa mlangoni mwenye mikono inayochuruzika maji, aliyekuwa tayari kwenda popote mama yake alikofurahi. Hakumwona. Aliyekuwa mbele yake alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, ameegemea kaunta, anakata uzi kwa meno.

"Unaenda kwa sababu yangu?"

"Safari hii wala. Ingekuwa ni kwa ajili yako ningekaa, maana naona usivyotaka." Alicheka kidogo. "Nataka tu. Labda itanishinda. Ikinishinda nitasema siku hiyo hiyo, sitajificha nyuma ya magunia."

Aliondoka Julai. Safari hii Vicky ndiye aliyempeleka stendi. Hawakulia, walikuwa na mizigo mingi ya kulinda. Basi lilipotoka, Vicky alipunga mkono kwa dirisha ambalo baadaye alitambua halikuwa la Joyceline.

Nyumba ya Magomeni ikawa pana. Jumapili moja mvua ilinyesha kutwa, Elimringi alikuwa amebaki kanisani kwenye kikao cha kwaya, na Vicky alikuwa peke yake na mlio wa maji kwenye bati. Chini ya kitanda cha Joyceline kulikuwa na boksi la vitabu vya kidato cha nne alivyosema wapewe watoto wa jirani. Vicky alilivuta ili alifunge kamba. Kitabu cha juu kilikuwa cha Baiolojia. Alikifungua amesimama, kisha akakaa kwenye godoro, kisha akapandisha miguu.

Alisoma juu ya damu na moyo. Mengine aliyakumbuka, yalimrudia kama sura za watu wa zamani. Alisoma mvua ikapungua, ikazidi tena, na hakuna aliyemwita. Kufika katikati ya sura palikuwa na aya moja ngumu, yenye mchoro, na hakuielewa. Aliirudia. Aliweka kidole kwenye mstari akainua macho kuelekea mlangoni, ametangulia kufumbua mdomo amwite Joy.

Likizo ilikuwa Desemba. Akakunja ncha ya ukurasa, akabaki amekaa na kitabu mapajani, akisikiliza mvua.